Soul haikushukia Kinshasa

Maongezi ya muziki yakipamba moto huku Lubumbashi, iwe mtaa wa Kenya au wa Katuba, hakosekani wa kuapa kwamba soul iliingia Kongo na James Brown, Septemba 1974. Tarehe kaipatia: usiku tatu, 22 hadi 24, Kinshasa, zilizopangwa kutangulia pambano la Ali na Foreman. (Pambano lenyewe likasogezwa hadi Oktoba 30, Foreman alipochanika juu ya jicho.) Ila "kuingia" ndiko nisikokukubali. Soul Makossa ya Mkameruni Manu Dibango ilitoka 1972, na mwaka uliofuata Wamarekani wenyewe walikuwa wakiicheza. Tabu Ley Rochereau alikwishapanda jukwaa la Olympia, Paris, mwishoni mwa 1970. Brown alikuta nyumba ina wenyewe.

La pili ndilo linalonikera: eti gitaa la Katanga ni blues iliyovishwa Kiswahili. Ushahidi wao ni vidole. Jean-Bosco Mwenda alipiga kwa dole gumba na cha shahada, na wapiga blues wengi vilevile. Lakini mtu akiwa peke yake na gitaa moja, akataka besi na sauti ya juu zisikike pamoja, atafanya nini kingine? Sikiliza "Masanga", aliyoirekodi Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Ule mzunguko wa baa kumi na mbili wa blues haumo. Zimo sauti mbili zinazopishana, kila moja na mwendo wake, na hakuna inayomsubiri mwenzake. Santuri yake ilitokea Afrika Kusini, na si ajabu: reli iliyofika mji huu 1910 ilitoka kusini, si Kinshasa. Na mwaka 1969 tamasha la Newport, Marekani, lilimwalika Bosco akapige. Sijui mwigaji gani hualikwa na anayemwiga.

Wengine hugeuza shuka: soul ni yetu, ilibebwa na watumwa ikarudi. Dai tamu, ila linawadhulumu waliohangaika nayo. Ray Charles mwaka 1954 alichukua uimbaji wa kanisa akauimbia mwanamke, waumini wakamkasirikia. Berry Gordy, aliyewahi kuunga magari kiwandani Detroit, alianzisha Motown 1959 kwa dola 800 za mkopo wa familia. Undugu ninaouona mimi ni wa mshahara: Detroit ya magari, Lubumbashi ya shaba, watu waliotoka vijijini, na Jumamosi jioni yenye hela mfukoni.

Na eti Kiswahili chetu hakiuzi muziki? Bosco alipokwenda Nairobi, miaka ya 1950 ikielekea ukingoni, walimpa kazi ya kuitangaza Aspro, vidonge vya kichwa.