Ordinatere Inapata Moto: Usikimbilie Kununua Ingine

Tuseme umejiungia ordinatere mwenyewe, kipande kwa kipande, kesi kwa huyu, prosesere kwa yule. Sasa inazimika yenyewe kila kisha dakika chache, na fundi anakuambia: «Prosesere imekufa, leta feza ya ingine.» Na ile feza ni minerval ya watoto. Ngoja kwanza. Prosesere iliyokufa haiwaki hata kidogo. Ile inayowaka vizuri, inakuwa nzito, kisha inazimika, mara nyingi inajizima kwa kujilinda. Nyingi zinaanza kupunguza mwendo zikikaribia digri 95 ao 100, na moto ukizidi zinakata.

Sisi wa Kolwezi na Likasi tunaijua shaba. Inapitisha moto sana, karibu wati 400 kwa kila meta na kila digri. Aluminiamu inafika 235 hivi. Hewa haifiki hata 0,03. Sasa ile radiatere inayokaa juu ya prosesere, hata ukiiona laini kama kioo, iko na mashimo madogo madogo ambayo jicho haliyaoni, na ndani yake mumejaa hewa. Ile pati ya kijivu ao nyeupe, kazi yake ni moja tu: kufukuza hewa hiyo. Lakini pati yenyewe, kwa hesabu ile ile, ya kawaida iko kati ya 1 na 10. Unaona? Ni bora kuliko hewa, lakini mbele ya shaba si kitu. Basi, kwa nini wengine wanaipaka kama siagi kwenye mkate? Ukikaza radiatere vizuri, iliyozidi itatoka pembeni na kuchafua. Usipokaza vizuri, itabaki katikati kama bulangeti.

Kabla ya kugusa pati, washa mashine, bonyeza Delete ao F2 mpaka uingie kwenye BIOS, na usome digri. Kati ya 35 na 60 hakuna shida. Kama inapanda mbio mpaka 90 ndani ya dakika moja ao mbili, radiatere haigusi ao ventilatere haizunguke. Zima. Tazama kama waya ya ventilatere imeingia mahali palipoandikwa CPU_FAN. Kama radiatere yako inashikwa na miguu minne ya plastiki, angalia kama yote imeingia. Mmoja ukiachia, upande mzima unanyanyuka. Tena kama radiatere ni mpya, geuza uone chini yake: ile karatasi ya plastiki ya dukani ilitolewa? Usicheke, inasahaulika sana.

Lakini kama moto unapanda polepole, kisha nusu saa ya kazi, mshitakiwa wa kwanza ni vumbi. Katika kiangazi chetu lile vumbi jekundu linajaa katikati ya mabati ya radiatere mpaka linakuwa kama mkeka. Tumia burashi laini, na ushike ventilatere kwa kidole isizunguke. Pampu ya wale wanaotengeneza pineu inatoa maji na mafuta pamoja na hewa, tuiachie magari.

Kama ni lazima kubadilisha pati, washa mashine dakika tano ili ilainike, kisha zima na uchomoe waya ya umeme. Radiatere usiivute juu kwa nguvu. Izungushe kidogo kushoto na kuume mpaka iachie, maana prosesere zenye miguu chini zinaweza kutoka pamoja nayo, na miguu ikikunjika ni hasara. Panguza pande zote mbili kwa alkoli ya farmasi na kitambaa kisichotoa nyuzi, ngoja ikauke kabisa. Weka pati katikati, nusu ya punje ya mahindi inatosha. Usisambaze kwa kidole. Shusha radiatere wima, kaza vise moja kidogo, kisha ile ya kukingamana nayo, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Dawa ya meno? Ndiyo, inasaidia siku chache, kisha maji yake yanakauka na unarudi pale pale. Na ile pati ya metali ya maji, yenye galiamu, usiiweke kwenye radiatere ya aluminiamu, inaikula. Tena ikidondoka kwenye plaki inaunganisha umeme.

Na kama BIOS inaonyesha 45 na mashine bado inazimika, pati haina kosa. Tazama lile sanduku la umeme la nyuma, kisha prizi, na kama umeme wa nyumba unashuka wakati jirani anawasha resho yake.