Tupande ua hili la porini kwenye nyua zetu

Ndugu Mhariri,

Wenzetu wengi hapa Kentucky wamepata nyumba zenye uwanja, na karibu wote wanaotesha nyasi tupu. Nyuki hapati kitu hapo. Naomba nafasi niusemee mmea mmoja wa asili ya huku, *Asclepias tuberosa*, wenye vichala vya maua ya rangi ya machungwa iliyokolea.

Mbegu zake pandeni Oktoba au Novemba, mzifunike kwa udongo kidogo tu. Baridi ndiyo inayoziamsha. Aliyechelewa azichanganye na mchanga wenye unyevu, azitie kwenye friji mwezi mmoja. Mmea huu unataka jua la kutwa na udongo usiotuamisha maji, mbolea hauhitaji. Msiuhamishe, kwani mzizi wake huzama chini sana na hauvumilii kukatwa. Mwaka wa kwanza kwa kawaida hautoi ua, na kila baridi ikiisha huchelewa kuchipua, kwa hiyo wekeni kijiti mahali pake jembe lisije likaupitia.

Kipepeo wa monaki hutaga mayai kwenye jamii hii ya mimea. Viwavi wake, wenye michirizi myeusi, myeupe na ya njano, huweza kula majani hadi yakabaki mabua. Waacheni wale! Mmea utachipua tena, na kizazi cha mwisho cha vipepeo hao kwa mwaka huruka mpaka milima ya Meksiko.

Watoto wasiutafune, una sumu. Na mnaponunua miche, muulizeni muuzaji kama imetiwa dawa ya wadudu. Ikiwa imetiwa, msiinunue.

Msomaji wenu,
Louisville, Kentucky