Usiongeze Tu Mafuta ya Steringi, Tafuta Yanakovujia

Leo nazungumza na kila mwenye gari, kila dereva, na kila kamati ya usafiri kanisani. Na wewe usiye na gari, usipite. Unapanda la mtu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tunakwenda mazishini Naivasha, Jumamosi asubuhi. Basi dogo la kanisa lilikuwa limejaa, wengi wao akina mama, na tulikuwa tumechelewa. Dereva wetu, kijana mtulivu asiyependa maneno mengi, akaja mlangoni pa ofisi akaniambia, "Pasta, mafuta ya pawa steringi yameshuka tena. Hii ni mara ya tatu mwezi huu. Naomba fundi aliangalie gari kabla hatujatoka."

Unajua nilimjibu nini? "Kijana wangu, ongeza tu twende. Tumeshaomba." Mzee mmoja akadakia kwamba imani ya huyu kijana ni haba. Kijana akanyamaza, akaongeza. Nikamwambia ajaze kabisa, yatoshe kwenda na kurudi.

Tulipoanza kushuka ile barabara ya kwenda Mai Mahiu, harufu ya mafuta yanayoungua ikaingia ndani. Halafu tukasikia mlio, kila alipokata kona gari linalia. Halafu kwenye kona moja steringi ikawa nzito kama jiwe. Niliona mishipa ya mikono ya yule kijana ikitoka. Alishika kwa mikono miwili, akapunguza mwendo polepole, akatupeleka kando ya barabara mahali palipo salama. Hakuna aliyeumia. Lakini nilishuka miguu yangu ikitetemeka, na moshi ulikuwa unatoka chini ya gari.

Fundi alipofika alituonyesha mpira mmoja wa mafuta uliokuwa na ufa. Ulikuwa unavuja kwa wiki nyingi. Na yale tuliyojaza kupita alama yalipopata joto yalivimba, yakafurika kwenye kifuniko, yakamwagikia ekzosti iliyokuwa moto. Mafuta hayo yanaweza kushika moto, mpendwa. Watu kumi na wanne walikuwa ndani.

Jumapili iliyofuata nilimwomba yule kijana msamaha mbele ya kanisa lote. Na ndiyo sababu naandika haya.

Msimamo wangu ni huu: kuongeza si kutengeneza. Mafuta ya pawa steringi si kama petroli. Hayaliwi na injini. Yanazunguka mahali pamoja, kutoka kwenye tangi lake dogo, kupitia pampu, hadi kwenye raki ya steringi na kurudi. Kwa hiyo yakipungua chini ya alama, yameenda mahali. Ukiongeza leo na wiki ijayo ukaongeza tena, hujatengeneza kitu. Umelisha ule ufa.

Utaniambia, "Pasta, pesa hakuna." Nakuelewa, nami nalipa fundi kama wewe. Lakini fikiria. Mpira mmoja ni bei nafuu kuliko pampu. Mafuta hayo ndiyo yanayoilainisha pampu. Yakiisha, pampu inavuta hewa, inalia, inajisaga, na vipande vya chuma vinaingia kwenye raki. Uliyekosa pesa za mpira, za pampu na raki utazitoa wapi?

Sasa nisikilize kwa makini, nikufundishe alivyonifundisha yule kijana. Ni kazi ya dakika tano.

Kwanza, ujue kama gari lako lina mafuta hayo. Magari kama Vitz na Honda Fit yana steringi ya umeme, kwa hiyo usisumbuke kutafuta tangi. Kama lako lina pampu, kitabu cha gari au fundi wako atakuonyesha tangi lilipo.

Egesha mahali tambarare. Gari likiwa limetembea kidogo na limepata joto, zungusha steringi kulia na kushoto mara chache injini ikiwa inanguruma. Usiibane mwisho kabisa na kuishikilia hapo, unaiumiza pampu. Kisha zima.

Pangusa kifuniko kabla ya kukifungua. Vumbi letu likiingia mle ndani linakwenda moja kwa moja kwenye pampu.

Tangi lingine linaonyesha alama kwa nje, MIN na MAX. Lingine lina kijiti cha kupimia kwenye kifuniko, chenye alama ya HOT na ya COLD. Kama gari ni moto, soma HOT. Kama limelala usiku mzima, soma COLD. Watu wengi husoma alama ya moto gari likiwa baridi, wanaongeza, halafu yanafurika njiani. Sisi tulifanya vibaya zaidi ya hapo.

Tazama na rangi. Mafuta mengi ya aina hii ni mekundu na angavu yakiwa mapya. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, yanahitaji kubadilishwa. Ukiona mapovu, kuna hewa imeingia.

Kama yamepungua, ongeza kidogo kidogo, pima, ongeza, pima. Na weka aina iliyoandikwa kwenye kifuniko au kitabuni. Toyota nyingi za zamani hutumia ATF ya Dexron. Honda wana mafuta yao wenyewe. Usiulize rafiki, soma.

Na sikia hili: usiweke kamwe mafuta ya breki mle, hata kama ndiyo chupa pekee uliyo nayo. Yanaharibu sili za mpira, na utajikuta umenunua raki.

Kama yamezidi alama, usiseme "yatajipunguza." Chukua sirinji kubwa iliyo safi, uvute mpaka yafike kwenye alama. Ukimaliza, zungusha steringi tena, upime mara ya pili.

Halafu fanya lile ambalo mimi nilikataa kufanya. Weka boksi la karatasi lililofunguliwa chini ya gari usiku kucha. Asubuhi ukikuta doa jekundu au la kahawia, usiseme ni maji ya eisi. Mpigie fundi, mwonyeshe doa lilipo.

Na ikitokea steringi imekuwa nzito ukiwa njiani, usiogope na usizime gari likiwa bado linatembea. Steringi bado inageuka, ila inataka nguvu zako. Shika kwa mikono miwili, punguza mwendo, washa taa za hatari, simama kando. Usiendelee na safari.

Sasa neno la mwisho ni kwa viongozi wenzangu. Dereva akikwambia gari haliko sawa, huyo si mpinzani wako, wala hajapungukiwa na imani. Huyo ndiye mlinzi uliyepewa. Tunawaombea madereva wetu kila Jumapili, halafu Jumatatu tunawanyamazisha. Kuombea safari ni vizuri, mimi bado naombea. Lakini siku hizi gari letu la kanisa halitoki kabla dereva hajasema liko tayari. Akisema hapana, ni hapana, hata kama maiti inasubiri, hata kama askofu anasubiri. Tutafika tumechelewa, lakini tutafika.

Yule kijana bado anatuendesha. Juzi alikataa tena kutoka, na kosa lilikuwa dogo tu, belti imelegea. Nilikaa kwenye benchi nikangoja na wengine, sikusema kitu.

Kwa hiyo leo usiharakishe kuandika Amina hapo chini. Nenda kwanza ukaangalie gari lako. Ukirudi, uniambie ulikuta nini.

Mungu awalinde mnapokwenda na mnaporudi. Mbarikiwe.