Faramir Hakuwa Mjinga

Insha hii imetokana na ugomvi. Mwezi uliopita, hosteli kwetu hapa Kampala, tulitazama tena filamu ya The Two Towers kwenye kompyuta ya mwenzetu mmoja. Ilipofika sehemu ya Faramir, wenzangu wanne kati ya watano walisema huyo ni mjinga. Mmoja akaongeza kwamba afadhali Faramir wa filamu, kwa sababu angalau aliitamani pete kabla ya kuiacha. Yule wa kitabuni, alisema, si mtu bali ni malaika, na malaika hawana kazi katika hadithi. Nilikasirika mno, nikashindwa kujibu vizuri. Sasa najibu kwa maandishi.

Kwanza niwaeleze wasiomjua. Faramir ni mhusika katika The Lord of the Rings, riwaya ya J.R.R. Tolkien iliyotolewa kwa mafungu matatu mwaka 1954 na 1955. Riwaya inahusu pete moja yenye nguvu kubwa, iliyotengenezwa na Sauron, bwana wa uovu. Pete hiyo humharibu anayeitumia, hata kama alianza kwa nia njema. Hobiti mmoja, kiumbe mdogo aitwaye Frodo, amepewa kazi ya kuipeleka kwenye mlima wa moto ilikotengenezwa, ili iangamizwe.

Faramir si shujaa mkuu wa hadithi hii. Anaingia katikati, karibu kama mpita njia. Tolkien mwenyewe alimwandikia mwanawe mwaka 1944 kwamba hakumpanga mhusika huyu, alijitokeza tu msituni. Ni mtoto wa pili wa Denethor, Msimamizi wa nchi ya Gondor, nchi iliyo vitani na inayokaribia kushindwa. Kaka yake Boromir, kipenzi cha baba, alijaribu kumnyang'anya Frodo ile pete, akajuta, kisha akafa akiwatetea mahobiti wengine wawili.

Sasa tazameni kisa chenyewe. Faramir anawakuta Frodo na mwenzake Sam katika nchi ya Ithilien, anawapeleka kwenye pango lililofichwa nyuma ya maporomoko ya maji, anawahoji. Anahisi kwamba wamebeba kitu cha hatari. Kabla hajajua ni kitu gani, anasema kwamba hata angekikuta barabarani asingekiokota. Baadaye, baada ya chakula na divai, Sam anateleza ulimi na kuitaja Pete. Faramir ana askari pango zima, na mbele yake wako mahobiti wawili tu. Anasimama. Mahobiti wanaruka, wanaegemea ukuta, wanapapasa panga zao. Pango zima linanyamaza. Halafu Faramir anakaa, anacheka taratibu, na kusema kwamba yale maneno yake ya mwanzo anayahesabu kuwa kiapo. Waswahili wanasema ahadi ni deni. Faramir aliahidi kabla ya kujua ukubwa wa deni, na alipoujua, akalipa.

Katika filamu ya Peter Jackson, iliyotoka mwaka 2002, mambo ni mengine. Faramir anaamua kuipeleka pete kwa baba yake, anawaburuta Frodo na Sam mpaka mji wa Osgiliath, na huko ndipo moyo wake unageuka. Waandishi wa filamu wameeleza sababu yao. Watazamaji wameambiwa kwa saa nyingi kwamba pete humshinda kila mtu, kwa hiyo akitokea mtu mmoja akaikataa papo hapo, pete itaonekana haina nguvu.

Naielewa sababu hiyo, lakini siikubali hata kidogo.

Faramir si mtu wa kwanza kuikataa pete kitabuni. Gandalf aliikataa, na Galadriel aliikataa, wote kwa kuwa waliiogopa. Pete haikupungua nguvu kwa hilo. Tena, kukataa kwa Faramir ndiko kunakotufanya tuelewe anguko la Boromir. Hawa ni ndugu wa damu, wamelelewa na baba mmoja, wanapigania mji mmoja. Mmoja alinyoosha mkono, mwingine hakunyoosha. Hapo tunajua kwamba Boromir alikuwa na njia nyingine, na ndiyo maana kisa chake kinauma. Ukimfanya na Faramir anyooshe mkono kwanza, umetuambia kwamba hakuna aliyekuwa na njia nyingine.

Na hapo ndipo ninapogombana na wenzangu kweli, maana mafundisho hayo nayajua tangu utotoni.

Mara ya kwanza kuiona filamu hii nilikuwa na miaka kumi na miwili. Niliiona katika kibanda cha video mjini kwetu, kwa shilingi 500, na VJ akiitafsiri kwa Kiganda juu ya sauti za waigizaji, kama ilivyo desturi ya vibanda vyetu. Faramir alipomwachia Frodo aende zake, VJ alipiga kelele kwamba jamaa huyu ni mjinga, amekamata utajiri na anauachia. Kibanda kizima kilicheka. Nami nilicheka.

Nilicheka huku nikimjua mtu wa namna hiyo nyumbani. Baba yangu alikuwa mtunza stoo wa chama cha ushirika wa kahawa. Funguo za ghala zilikaa mfukoni mwake. Msimu mmoja alikuja mfanyabiashara usiku na lori, akataka magunia kadhaa yatoke, na vitabu vitengenezwe baadaye. Baba alimjibu akiwa bado amesimama mlangoni: "Bwana, funguo hizi nimepewa nizitunze tu." Basi. Mazungumzo yaliishia hapo. Mwaka uliofuata funguo zilipewa mtu mwingine, na mtu huyo sasa ana nyumba ya ghorofa. Nyumba yetu mpaka leo haijapigwa plasta. Majirani walisema baba ni mjinga. Wengine walisema ni mwoga. Wajuaji walisema kila mtu ana bei yake, ila mzee huyu hakutajiwa yake. Mimi nilisimama upande wa majirani, na niliona haya kwa ajili yake miaka mingi.

Ndiyo maana nasema maoni ya waandishi wa filamu hayaishii kwenye filamu. Ukisema hakuna mtu anayeweza kukataa papo hapo, unamsaidia kila anayekula mali ya umma katika nchi zetu. Yeye pia anasema hivyohivyo: ungekuwa wewe ungekula. Anataka tuamini kwamba mwaminifu ni mtu ambaye bado hajapata nafasi. Wahenga wanasema mchovya asali hachovyi mara moja. Faramir wa kitabuni alilijua hilo, akakataa hata kuigusa asali. Je, huo ni ujinga?

Mwenzangu atasema: basi ilikuwa rahisi kwake, na jambo rahisi halina sifa. Hapana. Kukataa haraka hakumaanishi kukataa kwa urahisi. Likizo iliyopita nilimwuliza baba kama alisitasita usiku ule. Alisema hakusita, lakini lori lilipoondoka alishindwa kushika kikombe cha chai, mikono ilitetemeka mpaka mama akamshikia. Nilikumbuka pale Faramir aliposimama na pango likanyamaza. Tolkien hatuambii aliwaza nini wakati huo. Haikuwa lazima.

Na gharama ililipwa. Sheria ya Gondor haikumruhusu kuwaachia wageni wapite katika nchi ile, naye alijua kwamba uamuzi huo ungeweza kumgharimu maisha yake. Alirudi kwa baba yake akamweleza kila kitu. Denethor alikiri mbele yake kwamba angependa yeye ndiye angekufa na Boromir angeishi. Faramir hakumtukana baba. Alikwenda kuulinda mto kwa jeshi dogo mno, akarudishwa amejeruhiwa, anaungua kwa homa. Malaika hawajeruhiwi namna hiyo. Filamu yenyewe inalionyesha vizuri jambo hili katika sehemu ya tatu, na David Wenham ameigiza kwa moyo. Simlaumu yeye.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu. Dada mmoja wa darasa letu aliniuliza: unampendaje mtu anayewavizia na kuwaua watu wa Kusini wenye ngozi kama yako? Ni kweli. Wanajeshi wanaouawa na kikosi cha Faramir msituni ni watu wa Harad, weusi weusi, wanaopigana upande wa Sauron. Tolkien alizaliwa Bloemfontein mwaka 1892, akaondoka Afrika angali mtoto mdogo, na watu wa Kusini katika riwaya yake wanabaki mbali, bila sura wala majina. Mimi nikisoma hapo huwa nasimama. Lakini katika kurasa hizohizo Sam anamtazama mmoja wao amelala chini amekufa, anajiuliza jina lake nani, na kama kweli alikuwa mwovu au alidanganywa au alilazimishwa kuja. Toleo refu la filamu limempa Faramir fikra hizo azitamke yeye, na hilo badiliko nalikubali kwa mikono miwili. Linalingana na mtu ambaye kitabuni anasema haupendi upanga kwa makali yake, anapenda kile upanga unachokilinda, na kwamba hatamtega kwa uongo hata orki, askari wa Sauron. Nampenda Faramir nikiwa na macho wazi.

Mwisho, vita vilipokwisha, mfalme wa kweli alirudi, naye Aragorn ni jina lake. Faramir sasa ndiye Msimamizi, kwa kuwa baba amekufa. Ukoo wake ulikuwa umeitawala Gondor kwa niaba ya wafalme kwa karne nyingi. Alitoka mbele ya umati akatoa fimbo yake nyeupe ya madaraka ili airudishe. Mara ngapi tumeona mtu akirudisha fimbo katika eneo letu hili?

Kitabu kipo maktaba, ghorofa ya pili. Ombi langu kwa wenzangu wanne ni dogo. Someni sura ile ya pangoni, ni ya tano katika nusu ya pili ya The Two Towers, kisha tukutane tena hosteli tugombane vizuri. Mkisema tena ni mjinga, nitawasikiliza. Ila siku hiyo nitamwalika na baba yangu, mkamwambie yeye.