Uliachana na Mama Yake, Hukuachana na Mtoto

Wasee, kuna swali moja linarushwa kila mtu akiulizwa pesa ya mtoto, kutoka Gatwekera kule Kibera mpaka Kawangware 56: "Kwani nilimuoa?"

Haijalishi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto wao, wawe wameoana au hawajaoana. Sheria ya Watoto ya 2022 imerudia hilo hilo. Kwa hivyo hizo story za "hatukufanya harusi", "ilikuwa tu njoo tuishi" na "sikulipa mahari", zipeleke kwa wazee. Mtoto hakuwa kwa hicho kikao.

Najua hii imani inatoka wapi. Sheria ya zamani, ile ya 2001, ilisema kama wazazi hawajaoana, wajibu unamwangukia mama kwanza. Baba angeingia baadaye, labda kwa makubaliano, kwa amri ya korti, ama wakiwa wamekaa pamoja miezi 12. Hata cheti cha kuzaliwa kilikuwa hivyo. Bila ndoa, jina la baba lilihitaji baba mwenyewe akubali, hadi mwaka wa 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliposema hicho kifungu kinavunja Katiba. Yaani sheria ilikuwa imemjengea mwanaume mlango wa nyuma. Huo mlango umefungwa, lakini mtaani bado watu wanajaribu kupitia hapo.

Lakini sikuja kuwachapa wanaume peke yao. Kuna mchezo tunacheza sote na mtoto ndiye mpira. Baba anasema, "Hataki nione mtoto, so situmi kitu." Mama anasema, "Hatumi kitu, so hataona mtoto." Kila mmoja anaona ako right. Mtoto naye hana unga na hana baba, siku moja, nyumba moja.

Sheria imetenganisha hayo mambo mawili. Matunzo ni haki ya mtoto. Kuwa na wazazi wake wote wawili, kama hakuna hatari kwake, pia ni haki ya mtoto. Ukinyimwa kumwona, enda korti uombe siku za kumwona, na uendelee kutuma pesa. Usipotumiwa pesa, enda korti uombe matunzo, na usimfiche mtoto. Pesa ya maziwa si tikiti ya kuingia kwa keja, na mtoto si bondi ya kuwekwa mpaka mtu alipe deni.

Halafu kuna hii ingine: "Mimi ni mtu wa mjengo, sina payslip, nitatoa nini?" Manze, hakuna mtu amekuomba kulipa fees ya Karen. Korti inaangalia uwezo wa wazazi wote wawili na mahitaji ya mtoto. Kazi ikiisha, unarudi kuomba kiasi kipunguzwe. Kile huwezi ni kunyamaza tu. Piga hesabu mwenyewe: soo moja kwa siku ni 3,000 kwa mwezi. Haitoshi, najua. Lakini 3,000 inayokuja kila mwezi inamsaidia mama kupanga. Elfu kumi ya Disemba, na picha zake kwa status, haimsaidii mtu kupanga chochote.

Na kama unashuku mtoto si wako, usiruke tu ball na kuzima simu. Korti inaweza kuagiza DNA. Kama kweli hujui, ungependa kujua. Anayekimbia kipimo huwa tayari ana jibu.

Wengine wanauliza, "Kwa nini korti zinabeba wanawake?" Sheria inaanza na maslahi ya mtoto, na wajibu ni wa wote wawili. Baba anayelea mtoto peke yake Kawangware naye anaweza kumshtaki mama aliyejitoa. Na shosho je? Mabinti wangapi wa hizi mitaa wako Saudia wakifanya kazi za nyumba, mtoto akabaki na shosho Kabiria ama Laini Saba? Mama anatuma kutoka huko, baba anapita hapo nje na boda kila jioni akipiga honi, na anamwita huyo mwanamke "alitoroka mtoto". Nani alitoroka hapo? Shosho kama mlezi ana haki ya kuomba korti matunzo. Hahitaji kungoja binti yake arudi.

Sasa serikali. Huku kwetu kesi ya mtoto inaanzia na mara nyingi inafia kwa chifu. Mnaitwa, mnakalishwa, baba anaapa atatuma kila wiki, mnapeana mikono. Wiki mbili baadaye simu haishikwi. Chifu anaweza kuwapatanisha, lakini hana uwezo wa kutoa amri ya matunzo. Korti inao. Ukipuuza amri ya korti, mali yako inaweza kushikwa na unaweza kufungwa jela ya madeni.

Korti iko Kibera penyewe. Shida ni kwamba mama fua akienda kortini amepoteza kibarua cha siku hiyo. Kesi ikiahirishwa, amepoteza kingine. Mahirisho matatu na ameamua heri avumilie. Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka wa 2016, ikaunda huduma ya kitaifa ya kuwasaidia wasio na wakili. Hiyo huduma inafaa kukaa pale kwa chifu, siku ya kusikiza hizo kesi. Mkikubaliana, iandikwe hapo hapo: kiasi, tarehe, simu gani itatuma, siku gani baba anamwona mtoto. Halafu ipelekwe kortini iwe amri. Mtu asipoteze vibarua vitano kutafuta kitu ambacho Katiba tayari imempa mtoto wake.

Mpaka hiyo ifike, jilinde. Weka makubaliano kwa karatasi, mkiwa na shahidi. Tuma kwa M-Pesa, si mkononi, ndio kila mtu awe na rekodi. Pitia kwa afisa wa watoto, FIDA ama Kituo cha Sheria, uulize. Mtoto akiwa hatarini, piga 116, ni bure.

Na kama uko na boy wenu anayekumbuka mtoto wake siku ya birthday pekee, mtumie hii. Halafu muulize mwezi huu ametuma ngapi.