Wataalamu Waseme na Wananchi

Haipiti wiki siku hizi bila ya kumsikia mtaalamu wa Chuo Kikuu katika redio akieleza habari za walio nacho na wasio nacho. Twafurahi kwamba jambo hili lasemwa. Lakini lasemwaje, na laambiwa nani?

Bwana mtaalamu huanza na kipimo cha Gini, alichokibuni Mtaliana Corrado Gini mwaka 1912. Sifuri maana yake wote ni sawa. Moja maana yake mtu mmoja kachukua vyote. Husema kipimo hakikubadilika, mtangazaji hushukuru, muziki hupigwa. Haya, ndugu msomaji, na tufanye hesabu ya sokoni. Kibarua apata shilingi 5,000 kwa siku, tajiri apata 500,000. Mapato ya wote wawili yakiongezeka mara mbili, kipimo hicho hakitikisiki hata kidogo. Lakini pengo lililokuwa shilingi 495,000 limekuwa 990,000! Sasa ni yupi kati yao atakayenunua kiwanja cha mwenziwe?

Asilimia nazo ni hivyo hivyo. Umaskini wa Tanzania Bara ulishuka kutoka asilimia 34.4 mwaka 2007 hadi 26.4 mwaka 2018. Ni kweli, wala si jambo dogo. Lakini wananchi waliongezeka, na Benki ya Dunia yenyewe ilieleza mwaka 2019 kwamba maskini walibaki karibu milioni 13.

Hatusemi wataalamu ni waongo. Walter Rodney, alipotoa kitabu chake mwaka 1972, aliuliza waziwazi nani katajirika kwa jasho la nani. Leo twaambiwa tu kwamba "pengo limepanuka", kana kwamba lajipanua lenyewe kama korongo la masika. Nani kalipa ujira mdogo? Nani katwaa ardhi? Nani kasamehewa kodi?

Tena wasisahau ya kuwa wao wenyewe wamo katika hesabu. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwafukuza kwa mamia, kisha akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20.

Twataka waseme Kiswahili, wataje shilingi, wawataje wachukuao. Nao watangazaji wasimwachie mgeni wao atoke studio kabla ya kumwuliza: "Na wewe, bwana, walipwa kiasi gani?"