Kujitolea kuna mpaka wake

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii nilifunzwa nikiwa mtoto, lakini nilikuja kuielewa barabara katika chumba cha nyuma cha duka moja nchini Uingereza, nilikokuwa nikifanya kazi bila kulipwa hata senti, huku kila jioni nikiandika barua za kutafuta ajira. Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu walimu wengi vijana hapa nchini wamo katika hali iyo hiyo, na wanafunzi walio vyuoni huenda wakajikuta humo punde si punde.

Duka lenyewe lilikuwa la shirika la hisani. Msomaji ambaye hajaliona duka la aina hiyo na afikirie kibanda cha mitumba kilichohamishiwa katika barabara kuu ya mji. Wenyeji huleta bure nguo, vitabu na vyombo wasivyovihitaji. Duka huviuza kwa bei nafuu, nayo faida huwaendea wagonjwa, mayatima au walioathiriwa na njaa. Shirika la Oxfam lilifungua duka lake mjini Oxford mwaka wa 1947, na leo maduka ya namna hiyo yametapakaa nchini humo. Kwa kawaida msimamizi hulipwa mshahara, lakini wengi wa wahudumu hujitolea.

Nilikuwa nimekamilisha masomo ya uzamili, na majibu niliyopokea yalikuwa yale yale: huna uzoefu wa kazi katika nchi hii. Basi nikaanza kwenda dukani siku mbili kwa juma. Nilifungua mifuko, nikatenga nguo nzima na zilizotoboka, nikazinyoosha kwa mvuke na kuzibandika bei. Zilizokosa mnunuzi zilitiwa katika magunia na kuuzwa kwa uzani. Siku moja nilimwuliza msimamizi zinakokwenda. Akanijibu, "Nyingine huenda Afrika." Nilicheka peke yangu, kwa maana shati nililovaa siku ya kufuzu chuo kikuu nililinunua Gikomba.

Sidai kwamba nilipoteza wakati. Nilijifunza kuzungumza na wateja na kufunga hesabu za siku. Zaidi ya hayo, niliamka asubuhi nikiwa na mahali pa kwenda, na asiyewahi kukosa kazi hajui uzito wa jambo hilo. Msimamizi alinirudishia nauli, akaniruhusu kuondoka kila nilipoitwa kwa mahojiano, na baada ya miezi minne akaniandikia barua iliyonisaidia kupata kazi ya mshahara.

Hata hivyo, kilichonifaa zaidi ni kwamba kulikuwa na mpaka. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ya Uingereza ya mwaka wa 1998 inayaruhusu mashirika ya hisani kuwatumia watu wa kujitolea, mradi wasipewe chochote zaidi ya gharama zao. Mfanyabiashara anayetafuta faida yake mwenyewe hakupewa ruhusa hiyo.

Sasa tutazame kwetu. Mwalimu aliyehitimu na kusajiliwa hurudi kijijini, akaombwa "asaidie kidogo" shuleni. Hapiti muhula kabla hajabebeshwa vipindi sawa na vya mwalimu aliyeajiriwa, zamu ya mabweni na marundo ya madaftari ya kusahihisha. Ada zikikawia kulipwa, naye hukawia kupata hicho kidogo alichoahidiwa. Je, huko ni kujitolea?

Mwaka wa 2019 Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilianzisha mpango wa walimu wanagenzi, wanaolipwa posho badala ya mshahara kamili. Mwezi wa Aprili 2024, mahakama inayosikiliza kesi za ajira iliamua kwamba kuwatumia kwa njia hiyo walimu waliokwisha kufuzu na kusajiliwa ni kuvunja haki zao. Mwanagenzi ni mtu anayefunzwa kazi. Anayefundisha darasa zima peke yake, mwaka mzima, anamfunza nani na kufunzwa na nani?

Watakaonipinga watauliza iwapo watoto wakae bila mwalimu hadi fedha zipatikane. La hasha! Lakini pengo la shule ni deni la taifa zima, wala si haki kumtwika kijana mmoja maskini kuliko wote waliomo katika chumba cha walimu.

Kwa hivyo nawasihi wanafunzi wasiidharau kazi ya kujitolea, bali kabla ya kuikubali waulize: ni saa ngapi kwa juma, ni hadi lini, nauli italipwa na nani, na je, nitapewa barua? Nao walimu wakuu, ikiwa hawana mshahara wa kutoa, wasimpe kijana mzigo wa mtu mzima. Wamwachie siku ya kutafuta kazi, na siku ya kuagana wamwandikie barua ya haki.

Kutoa ni moyo, ndiyo. Lakini kinachochukuliwa kwa mtu kwa sababu hana pa kukimbilia, hicho hakikutolewa.